Simu bila mikono katika magari ya zamani

Simu bila mikono katika magari ya zamani ni utaratibu wa kuongeza kifaa cha Bluetooth katika gari lililotengenezwa bila kifaa hicho, ili dereva aweze kupokea na kupiga simu huku mikono yake ikibaki kwenye usukani. Sauti ya mtu wa upande wa pili hutoka katika spika za gari, au katika spika ndogo iliyo karibu na dereva. Sauti ya dereva huchukuliwa na maikrofoni na kupelekwa kwenye simu, ambayo inaweza kubaki mfukoni.

Makala hii inahusu hasa mikoa ya Shinyanga na Geita, katika ukanda wa dhahabu wa kaskazini magharibi mwa Tanzania. Huko magari mengi ya abiria na ya watu binafsi yalitumika kwanza Japani kabla ya kuingia nchini kupitia bandari ya Dar es Salaam. Asili hiyo ya Kijapani ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa ni njia ipi itafaa na ipi itamsumbua mwenye gari.

Asili ya Bluetooth

Bluetooth ni njia ya kuunganisha vifaa kwa mawimbi ya redio katika umbali mfupi. Utafiti wake ulianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Uswidi. Mwaka 1998 kampuni za Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba ziliunda umoja wa kusimamia teknolojia hiyo. Jina lilitokana na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na alama yake ni herufi mbili za kale za Skandinavia, H na B, zilizounganishwa.

Vifaa vya Bluetooth hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.4. Mawimbi hayo huruka kati ya njia 79 hadi mara 1,600 kwa sekunde, ndiyo maana magari mengi yanaweza kuegeshwa pamoja stendi bila simu zao kuingiliana. Umbali wa kawaida kwa simu ni takriban mita 10.

Kuna taratibu tofauti za mawasiliano ndani ya Bluetooth. Ule wa muziki hupeleka sauti upande mmoja tu, kutoka simu kwenda spika. Ule wa simu bila mikono, unaofupishwa HFP, hupeleka sauti pande zote mbili na kuruhusu kifaa kupokea au kukata simu. Mnunuzi anapaswa kuuliza juu ya jambo hili dukani: kifaa kinachopiga muziki vizuri kinaweza kuwa hakina maikrofoni kabisa, na kisifae kwa mazungumzo.

Kukagua gari kabla ya kununua kifaa

Baadhi ya magari ya Japani yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2005 hivi tayari yana Bluetooth ndani ya redio yenye skrini, lakini wenye nayo hawajui kwa sababu maandishi yote ni ya Kijapani. Dalili zake ni alama ya Bluetooth kwenye skrini au kwenye uso wa redio, na kitufe chenye picha ya simu kwenye usukani. Ni vema kutafuta dalili hizo kwanza, kwa kuwa kuunganisha simu na redio hiyo hakuhitaji kununua chochote.

Redio hizo zina tabia nyingine inayowagharimu wengi. Betri ya gari ikitolewa, baadhi yake hujifunga, na skrini huanza kudai namba ya siri, au kadi ya ramani iliyobaki Japani. Tangu hapo hata kusikiliza redio haiwezekani mpaka ifunguliwe. Kwa kawaida fundi hutakiwa kutoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa umeme wa gari. Ikiwa mwenye gari anataka kuendelea kutumia redio yake ya Kijapani, basi kazi ifanywe kwa kutoa fyuzi ya sehemu inayohusika tu, au fundi ahakikishe mapema kwamba namba na kadi vipo.

Redio ya Kijapani na masafa ya FM

Njia rahisi na inayoonekana zaidi ni kisambaza FM. Hiki ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya kiwasha sigara. Hupokea sauti kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kisha huirusha kama kituo kidogo cha redio, na redio ya gari huinasa kama inavyonasa stesheni nyingine yoyote. Maikrofoni imo ndani ya kifaa chenyewe.

Hapa ndipo gari la Japani linapoleta tatizo. Tanzania hutumia masafa ya FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani kwa muda mrefu ilitumia megahezi 76 hadi 90, na ni katikati ya miaka ya 2010 tu ndipo masafa ya 90 hadi 95 yalipoanza kutumika huko. Kwa hiyo redio ya gari la zamani la Japani hunasa sehemu ndogo tu ya stesheni za Tanzania, zile zilizo kati ya 87.5 na 90. Dereva aliyeweka kisambaza FM kwenye 100.3 atatafuta sauti yake bila kuipata, akidhani ameuziwa kifaa kibovu.

Suluhisho la kwanza ni kuweka kifaa ndani ya upenyo huo wa megahezi 2.5. Ikiwa kifaa kinapanda kwa hatua za 0.1, kuna nafasi 26 tu za kuchagua, na baadhi yake zimekaliwa na stesheni halisi. Aidha, nafasi iliyo wazi Tinde inaweza kuwa na stesheni yenye nguvu mtu akifika Kahama, na mazungumzo yakamezwa na muziki katikati ya safari.

Suluhisho la pili ni kibadilisha masafa, kidude ambacho mafundi huchomeka kati ya waya wa antena na redio ili gari liweze kunasa stesheni za nchini. Kinachofanyika humo ni kutoa tu. Kama kidude hushusha megahezi 20, stesheni ya 98.0 husomeka 78.0 kwenye redio. Magari mengi yaliyokwisha kutumika Tanzania yanacho tayari, kimefichwa nyuma ya dashibodi. Gari la namna hiyo lina kanuni yake: kisambaza FM kikiwekwa 98.6, redio iwekwe 78.6. Dereva asiyejua idadi inayopunguzwa anaweza kuipata kwa kutumia stesheni anayoifahamu, kwa mfano Radio Faraja ya Shinyanga au Storm FM ya Geita. Alinganishe namba inayotangazwa na stesheni na namba anayoiona kwenye redio yake. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu.

Faragha

Kisambaza FM ni redio, na redio haichagui msikilizaji. Gari lililo umbali wa mita chache, likiwa kwenye masafa yaleyale, linaweza kusikia maneno ya mtu aliyepiga simu. Maneno ya dereva hayarushwi hivyo, kwa kuwa yeye huzungumza na maikrofoni, lakini mara nyingi nusu moja ya mazungumzo inatosha kujua habari yote. Katika ukanda ambako watu huongea kwa simu kuhusu gramu, bei na saa ya kufika kwenye soko la dhahabu, hili si jambo dogo. Foleni ya kituo cha mafuta au ya mzani ni mahali pa wazi.

Ndani ya gari lenyewe hali ni hiyohiyo. Katika mchomoko, yaani gari dogo la abiria wa kuchangia, simu ya dereva inayotoka kwenye spika nne husikika na abiria wote. Mtu wa upande wa pili hajui hilo, na atataja deni au ugonjwa kama anavyoongea na mtu mmoja. Madereva wengi huanza kwa kusema kwamba wako na abiria, na desturi hiyo inafaa kwa kila aliye na kifaa cha namna hii.

Gari linalotumiwa na watu wawili huleta kituko kingine. Kifaa hukumbuka simu zilizowahi kuunganishwa. Mwenye gari akiwa amesimama uani, mita tano kutoka gari lake ambalo dereva ameliwasha, simu yake inaweza kujiunganisha yenyewe na mazungumzo yake yakatokea kwenye spika za gari. Redio nyingi pia hunakili orodha ya majina kutoka kwenye simu. Anayeuza gari anapaswa kufuta simu zote zilizohifadhiwa kabla ya kukabidhi ufunguo.

Njia nyingine

Spika ya kikinga jua ni kifaa kinachobanwa juu ya dereva, chenye betri, spika na maikrofoni yake. Hakihitaji redio wala waya, hakirushi FM, na maikrofoni iko karibu na mdomo. Kwa mazungumzo peke yake ndiyo njia bora kwa gari kuukuu, hata lile ambalo redio yake imekufa. Udhaifu wake ni kuchajiwa mara kwa mara, na jua: gari lililofungwa vioo mchana wa Shinyanga hupata joto linaloharibu betri za namna hiyo, kwa hiyo kifaa kisiachwe kwenye kioo cha mbele.

Kipokezi cha AUX huchomekwa kwenye tundu la AUX la redio. Sauti yake ni safi kuliko ya FM. Kikilishwa umeme kutoka soketi ya gari, huweza kuleta mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Mlio huo hutokana na umeme wa alteneta kuingia kwenye waya za sauti kupitia njia mbili za hasi. Dawa yake ni kichujio kidogo kinachowekwa kwenye waya wa AUX, au kutumia kipokezi chenye betri yake. Magari ya kaseti yanaweza kutumia kaseti bandia yenye Bluetooth.

Njia ya kudumu ni kubadilisha redio yenyewe. Redio mpya huja na masafa ya FM ya nchini, maikrofoni ya waya na spika zilezile za gari. Nafasi ya redio ya kawaida ni milimita 180 kwa upana na 50 kwa kimo, au 100 kwa zile za ukubwa maradufu. Nafasi katika magari mengi ya Toyota ina upana wa milimita 200, hivyo hubaki mwanya pembeni unaohitaji fremu ya kuziba. Bila fremu, vumbi la barabara za changarawe huingia kwenye redio kwa wingi.

Umeme

Kosa linaloharibu vifaa vingi ni la volti. Magari madogo hutumia volti 12. Malori mengi, yakiwemo Fuso na Scania zinazopita bandari kavu ya Isaka kwenda Rwanda na Burundi, hutumia volti 24. Redio ya volti 12 ikiunganishwa hapo huungua mara moja. Visambaza FM vingi vimeandikwa 12–24V na havina shida hiyo, ila maandishi yasomwe kwanza.

Land Cruiser hudanganya macho. Baadhi zina betri mbili, lakini betri mbili hazithibitishi kuwa mfumo ni wa volti 24. Zikiungwa sambamba hutoa volti 12, na zikiungwa mfululizo hutoa 24. Jibu hutolewa na multimita, si na idadi ya betri. Pale inapopatikana 24, kinachotakiwa ni kipunguza volti kinachoshusha 24 kuwa 12.

Kuna ujanja wa mitaani wa kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Redio huwaka vizuri, na kwa wiki kadhaa kazi huonekana imekamilika. Lakini betri hiyo moja hutumika zaidi ya mwenzake, wakati alteneta huzichaji zote kama kitu kimoja. Moja hubaki na upungufu, nyingine huzidishiwa, na mwisho zote mbili hufa kabla ya wakati. Bei ya kipunguza volti haifikii bei ya betri mbili za lori.

Katika redio nyingi za kununua, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa, na mweusi ni wa hasi. Katika magari mengi ya Toyota rangi za waya za gari lenyewe ni tofauti: bluu yenye mstari wa njano kwa umeme wa kudumu, kijivu kwa ule wa ufunguo, na kahawia kwa hasi. Anayeunganisha rangi kwa rangi bila kupima hukosea. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio husahau simu zilizounganishwa kila gari linapozimwa, na inaweza pia kunyonya betri usiku kucha. Dalili hiyo ya kusahau huonekana kama kasoro ya Bluetooth, na watu wamebadilisha redio nzima kwa sababu ya waya mbili.

Waya zisipitishwe mbele ya mifuko ya hewa, wala kifaa kisigundishwe juu ya kifuniko chake kwenye dashibodi. Mfuko ukifunguka, kifaa hicho hurushwa kwa nguvu usoni mwa abiria.

Maikrofoni, kelele na mtandao

Malalamiko makubwa baada ya kufunga kifaa huwa si ya dereva, bali ya mtu anayepigiwa. Dereva husikia vizuri, mwenzake husikia upepo. Katika gari lisilo na kiyoyozi vioo hufunguliwa kwa sababu ya joto, na kwenye barabara ya changarawe mawe hupiga chini ya gari bila kukoma. Maikrofoni ya kisambaza FM iko chini karibu na gia, mbali na mdomo na karibu na kelele.

Maikrofoni ya waya huwekwa juu ya usukani au kwenye nguzo ya kioo cha mbele, ikielekea mdomo wa dereva, mbali na matundu ya feni. Kupunguza sauti ya spika huondoa mwangwi, kwani mwangwi mara nyingi ni sauti ya spika inayorudi kwenye maikrofoni. Sauti inayokatikakatika pande zote mbili kwa kawaida ni udhaifu wa mtandao wa simu, ambao hakuna kifaa cha Bluetooth kinachoweza kuuponya.

Simu za vitufe, maarufu kama vitochi, nyingi zina Bluetooth na hufanya kazi hii sawa na simu janja. Vifaa vya zamani huomba namba ya kuunganisha, ambayo kwa kawaida ni 0000 au 1234.

Usalama barabarani

Gari likiwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva anayetazama simu kwa sekunde tatu amekwenda mita 66 bila kuona barabara, umbali unaotosha kundi la ng'ombe au baiskeli ya abiria kuingia mbele yake. Kifaa cha Bluetooth huondoa sehemu hiyo ya hatari, yaani macho na mikono.

Hakiondoi hatari ya mawazo kuwa kwingine. Utafiti wa Redelmeier na Tibshirani uliofanyika Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1997, uliwahusu madereva 699 waliopata ajali. Ulionyesha kwamba hatari ya kugongana wakati wa kutumia simu ilikuwa takriban mara nne, na simu zisizoshikwa mkononi hazikuonyesha unafuu. Mwaka 2001 Strayer na Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapima watu kwa zoezi la kuigiza udereva. Waliokuwa wakizungumza na simu walikosa kuona ishara mara mbili zaidi, na haikujalisha kama simu ilikuwa mkononi au la. Abiria anayeongea na dereva huona kona ikija na kunyamaza. Aliyepiga simu haioni. Salamu za Kisukuma nazo hazina haraka, na kumkatiza mzee katikati ya salamu ni utovu wa adabu. Hivyo njia iliyo salama ni kupokea, kusema kwamba uko safarini, na kumpigia baada ya kusimama.

Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyotungwa zaidi ya miaka 20 kabla ya simu za mkononi kuingia nchini mwaka 1994. Makosa ya kuendesha bila uangalifu yaliyomo humo humhusu dereva yeyote, awe ameshika simu au anatumia kifaa. Nchini Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likitembea.

Maeneo ya migodi

Kuwa na kifaa cha Bluetooth hakumpi dereva ruhusa ya kuongea na simu ndani ya eneo la mgodi. Migodi mikubwa huwa na kanuni zake za magari, na baadhi ya kampuni za madini duniani zimekataza simu kwa dereva hata ile isiyoshikwa mkononi. Humo madereva huwasiliana kwa redio za upepo, kwa maneno mafupi yaliyopangwa, hasa wanapoomba njia mbele ya malori makubwa ambayo dereva wake haoni gari dogo lililo karibu na tairi.

Jambo zito zaidi ni baruti. Viwashio vya baruti vinavyotumia umeme vinaweza kufyatuliwa na nguvu za mawimbi ya redio zikiingia kwenye waya zake. Nguvu ya Bluetooth ni ndogo sana, lakini simu yenyewe ni kirusha mawimbi chenye nguvu zaidi, na huongeza nguvu hiyo mahali penye mtandao hafifu, kama ilivyo katika machimbo mengi yaliyo mbali na minara. Kwa sababu hiyo gari linalobeba viwashio, au linalokaribia eneo linalotegwa baruti, huzimwa simu kabisa. Kuiacha mfukoni kwa kuwa gari lina Bluetooth hakubadilishi chochote, maana simu huendelea kurusha mawimbi hata kama haijaguswa.